TUSICHUKIE KUKOSOLEWA KAZI ZETU



Ndugu wanafunzi, kila mwaka tunapopokea kasida, tenzi na maandishi ya khati kwa ajili ya jarida hili, kazi iliyo nzito kwetu si kuchagua. Ni kumwambia mwenyewe kuwa alicholeta kina makosa. Wengine hununa. Mzazi mmoja alituuliza kwa nini tunawavunja watoto moyo, na swali lake ni la haki.

Kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa na soko la Ukaadh, karibu na Taif, ambako washairi walikutana. Imepokewa kuwa Nabigha adh-Dhubyani alipigiwa hema la ngozi nyekundu, washairi wakamwendea awahukumu. Miongoni mwao alikuwa Hassan bin Thabit, ambaye baadaye alisilimu akawa mshairi wa Mtume (S.A.W.). Hassan alisoma shairi la kujifakharisha kwa vyombo vya kulishia wageni na kwa panga za watu wake. Nabigha hakumbembeleza. Alimwambia kuwa vyombo na panga amevipunguza, kwani ametumia wingi wa uchache, ule ambao wanafunzi wa nahau mnaujua kuwa ni wa vitu vitatu hadi kumi. Anayejisifu kwa ukarimu hahesabu masinia yake kwa vidole! Tena amejifakharisha kwa waliozaliwa na watu wake, akawaacha wazee waliomzaa yeye.

Wengine wakaongeza kuwa ingefaa vyombo hivyo ving'ae usiku, si mchana. Wapo wanazuoni waliotilia shaka baadhi ya maelezo ya kisa hiki, na Qudama bin Ja'far katika kitabu chake Naqd ash-Shi'r alimtetea Hassan: usiku hata mwanga hafifu huonekana, lakini mchana hakionekani king'aacho ila chenye mng'ao mkali. Basi mkosoaji naye hukosolewa. Lakini tazameni ukosoaji wenyewe. Unaonyesha neno na kutaja sababu, hata karne kadhaa baadaye mtu mwingine akaweza kuupima na kuujibu. Haukugusa umbo la Hassan.

Kejeli ni jambo jingine. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah (S.W.) amekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Mwalimu akisema, "Ubeti huu ni guni, kipande cha pili kina mizani saba," amekosoa, hata kama sauti yake ni kali. Akisema, "Wewe kichwa maji," ametukana, na darasa likicheka limeshiriki.

Sasa tuseme kosa letu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja alituletea utenzi wa kuwasifu wazazi. Mizani ilipwaya mahali pengi. Alikuwa mwenye haya, tukamwonea huruma, tukamwambia, "Mashaallah, umetia fora." Siku ya Maulidi akapanda jukwaani mbele ya wazazi hao hao. Mahadhi yakakataa kuingia katika maneno. Akarudia, sauti ikamkatika, na wageni wakaanza kucheka. Akashuka hajafika nusu. Dakika kumi za ukweli pale ofisini zingemwepusha na fedheha ile. Na tukisema kweli, hatukumhurumia yeye. Tulijihurumia sisi, kwa kuwa ni vigumu kumwambia mtoto neno zito akiwa anakutazama usoni.

Miaka miwili hakuleta kitu. Mzazi aliyetuuliza swali, sisi tunaogopa zaidi kuvunjika moyo kwa namna hii.

Mwaka huu amerudi na utenzi mwingine. Safari hii tulikaa naye mkekani baada ya Alasiri, tukahesabu kila kipande kwa vidole, nane nane, kalamu nyekundu mkononi. Uso ulimbadilika mara kadhaa. Mahali pamoja alitubishia, na alikuwa na haki: sisi ndio tuliolisoma neno vibaya, tukafuta alama yetu. Utenzi huo mtausoma mbele katika jarida hili. Alileta beti 28, zimebaki 19.