SOMO: KUMTAMBUA FUNDI WA KUAMINIWA



Tuseme lori la chama limetoka gereji jana, baada ya kubadilishwa beringi za gurudumu la mbele. Leo, likiwa na shehena ya pamba, kitovu cha gurudumu hilo kinafuka moshi. Halmashauri ifanye nini?

Kwanza, dereva asiendelee na safari. Beringi iliyokwama huweza kuharibu ekseli, hata gurudumu likachomoka njiani.

Pili, fundi mwingine akitafutwa, aulizwe jinsi atakavyoifanya kazi hiyo. Fundi stadi hubadilisha beringi pamoja na pete yake ya nje, huweka sili mpya, na hushindilia grisi safi hadi katikati ya rola. Nati huikaza huku akizungusha gurudumu, kisha huilegeza kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari na kuifunga isifunguke. Beringi iliyobanwa mno huungua. Iliyolegea mno hutikisa gurudumu.

Tatu, katibu adai vipuri vilivyotolewa pamoja na stakabadhi inayotaja kila kilichowekwa. Fundi mwaminifu haoni taabu kuvionyesha.

Nne, baada ya mwendo mfupi dereva asimame, asogeze mkono karibu na vitovu vya kulia na kushoto. Kimoja kikiwa na joto kupita mwenzake, lori lirudishwe kabla ya kupakiwa.

Ndugu, fedha za matengenezo ni jasho la wakulima, lakini uhai wa dereva hauna bei.

Swali la kujadili: Je, chama chenu kina daftari la matengenezo ya gari, na nani hulikagua?