Mdogo Wangu, Pazia Si Mlango

Njoo ukae hapa, mdogo wangu, wala usinune nikikuuliza. Kompyuta yenu ya sebuleni haina mwenyewe: baba watoto yumo, watoto wamo, binamu aliyekuja likizo naye yumo. Na humo humo umeweka mkataba wa kiwanja, majibu ya hospitali na yale unayoandika usiku moyo ukiwa mzito. Halafu unaniambia, "Dada, nimeificha folda." Umeiweka nyuma ya pazia tu, na pazia hufunuliwa hata na upepo.

"Lakini dada, kuna nywila ya kuwashia." Vizuri, na kila mtu apewe akaunti yake. Ila kama diski haijasimbwa, fundi akiichomoa na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma mambo yako kama gazeti. Mimi yalinikuta. Nilipeleka kompyuta ibadilishwe kioo, ikarudi inang'aa, na siri zangu nikazisikia mtaani. Siku tatu sikupata usingizi.

Basi itie kufuli faili yenyewe. Word ina sehemu ya kulinda hati kwa nywila. LibreOffice hukupa nafasi hiyo unapohifadhi. Zikiwa nyingi, 7-Zip, programu ya bure, huzifunga zote furushi moja lenye nywila. Lakini zile za mwanzo hubaki palepale, wazi. Hakikisha kwanza furushi linafunguka, ndipo uzifute, na pipa la taka ulimwage.

Hapa sasa ndipo wengi mnaponijia na machozi, na siwalaumu. Kufuli hili halina fundi wa kuchonga ufunguo mwingine. Ukisahau nywila ya hati ya Word, hata Microsoft wenyewe hawawezi kukurudishia. Usiweke tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, nyumba nzima inaijua. Unga maneno manne au matano yasiyojuana, uyaandike kwenye karatasi, karatasi ikae na hati za kiwanja. Chini ya kibodi, hapana! Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala usidhani kufunga ni kumshuku mumeo. Kabati lenu lina ufunguo, na bado mnapendana. Leo jioni anza na faili moja tu: ile ambayo ukiwaza mtu kaisoma, moyo unakwenda mbio. Unaijua, mdogo wangu. Anza na hiyo.