SOMO LA TISA: MCHEZO WA KARATA TATU

Mwakitolyo ni kijiji chenye machimbo ya dhahabu katika Wilaya ya Shinyanga. Mchimbaji mdogo huteremka katika duara na kupandisha mawe. Mawe husagwa kwenye karasha, kisha huoshwa. Kazi hii ni nzito, na huenda zikapita wiki nyingi bila mapato. Dhahabu ikipatikana, fedha huja kwa siku moja.

Mtu wa karata tatu huitafuta siku hiyo. Hupenda mahali penye watu wengi wenye fedha mkononi: mnadani, stendi ya mabasi na machimboni. Katika somo hili utajifunza jinsi mchezo wake unavyochezwa, na kwa nini fedha hurudi kwake daima.

Karata ni nini?

Pakiti moja ina karata 52. Zimegawanyika katika mafungu manne: kopa, uru, shupaza na pau. Kila fungu lina karata 13. Kopa na uru ni nyekundu. Shupaza na pau ni nyeusi.

Watu wengi hucheza karata jioni kwa kujifurahisha. Kila mchezaji hugawiwa karata zake, na hakuna fedha mezani. Mchezo huo hauna ubaya. Karata tatu ni jambo jingine.

Jinsi unavyochezwa

Mwenye karata huchukua karata tatu tu. Mbili ni nyeusi na moja ni nyekundu. Anakuonyesha ile nyekundu. Kisha anazilaza zote kifudifudi juu ya boksi na kuzihamisha upesi. Wewe unaweka fedha na kuonyesha ilipo nyekundu. Ukipata, anakupa kiasi kile kile ulichoweka. Ukikosa, anachukua fedha yako.

Tupige hesabu

Tuseme mwenye karata ni mwaminifu, nawe unabahatisha. Nyekundu ni moja kati ya tatu. Kwa hiyo, kwa wastani, katika kila michezo 3 utapata mara 1 na kukosa mara 2. Kila mara unaweka shilingi 10,000.

Umepata mara 1: shilingi 10,000
Umekosa mara 2: shilingi 20,000
Hasara yako: shilingi 10,000

Ukicheza mara 30, hasara yako kwa wastani ni shilingi 100,000. Mchezo ungekuwa wa haki kama kila unapopata angekulipa shilingi 20,000. Lakini hakulipi hivyo. Basi hata mwenye karata mwaminifu atakushinda, mradi uendelee kucheza.

Ujanja wake

Lakini mwenye karata huyu si mwaminifu. Ujanja wake ni wa namna tatu.

Kwanza, mkono wake. Hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Wewe unaona nyekundu iko chini, nawe unadhani ndiyo inayoanguka kwanza. Kumbe anaangusha ile ya juu. Macho yako yanafuata karata nyeusi tangu mwanzo.

Pili, wenzake. Yule anayeshinda mbele yako ni mwenzake. Yule anayekunong'oneza, "Kaka, iko kushoto, nimeiona," ni mwenzake pia. Fedha wanazolipwa hurudi mfukoni mwa kundi lao.

Tatu, karata iliyokunjwa. Mwenye karata anajifanya kutazama kando. Mwenzake anakunja pembe ya karata nyekundu ili wewe uione. Unafurahi na kuweka fedha zote. Wakati wa kuhamisha, mwenye karata huinyoosha ile nyekundu na kukunja pembe ya nyeusi. Unapofunua, ni nyeusi. Ukianza kulalamika, mmoja wao hupiga kelele, "Polisi!" na wote hutawanyika.

Kwa hiyo usiseme, "Mimi nina macho makali." Mwenye macho makali ndiye anayetafutwa, kwa sababu ndiye anayeweka fedha nyingi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Anayeendesha mchezo wa fedha lazima awe na leseni. Mtu mwenye boksi lake stendi hana leseni. Ukimwona, usisimame kutazama. Pita, na uwaonye wenzako.

Siku ya mgao, peleka fedha nyumbani kwanza. Kaeni mke na mume mzihesabu pamoja. Tengeni ya chakula, ya shule na ya matibabu.

Zoezi la darasani

Kateni vipande vitatu vya karatasi vilivyo sawa. Kimoja kitieni alama upande mmoja. Mchezaji apewe punje 30 za mahindi. Mwenye karatasi azichanganye nyuma ya mgongo, kisha azilaze mezani, alama ikiwa chini. Kila mara mchezaji aweke punje moja. Akipata, aongezewe moja. Akikosa, ichukuliwe. Chezeni mara 30. Kwa wastani atabaki na punje 20.

Maswali

1. Katika karata tatu, nyekundu ni ngapi?
2. Ukiweka shilingi 5,000 kila mara na kucheza mara 3, hasara yako kwa wastani ni shilingi ngapi?
3. Kwa nini mtu wa kwanza kushinda si wa kuaminiwa?
4. Andika sentensi tatu za kumwonya ndugu yako anayekwenda machimboni.