Injini Iliyolala Muda Mrefu: Namna ya Kuiwasha Mara ya Kwanza

Wako wenye magari ya zamani wengi ambao hupatwa na jambo hili. Injini hupelekwa kwa fundi, silinda zikachongwa upya, pistoni na beringi mpya zikatiwa, na fedha nyingi zikalipwa. Kisha fedha huisha kabla gari lenyewe halijawa tayari. Injini hufunikwa turubai ikawekwa ghalani, na mwaka hupita, pengine hata mitatu. Siku gari linapokamilika, mwenyewe hudhani ya kuwa anayo injini mpya. Huifunga, akatia petroli, akawasha. Yamkini itanguruma vizuri siku hiyo, lakini baada ya safari chache huanza kugonga, na ikifunguliwa huonekana beringi zimekwaruzika. Kazi ya miezi imeharibika katika dakika moja, nayo ni ile dakika ya kwanza.

Somo hili laeleza jinsi ya kuiokoa dakika hiyo. Mfano wetu ni injini ya petroli ya Land Rover yenye silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza kutumika mwaka 1958, ambayo imefanya kazi miaka mingi katika mashamba na barabara mbovu za Afrika ya Mashariki. Mengi ya haya yafaa kwa injini nyingine za namna hiyo pia.

Sababu ya hatari

Ndani ya injini, chuma cha kranki hakitakiwi kugusana na beringi. Kati yao hupita oili nyembamba inayosukumwa na pampu, na oili hiyo ndiyo inayobeba uzito wote. Injini ikilala, oili hushuka polepole mpaka chini kwenye sampu. Beringi hubaki kavu, na pampu yenyewe hukauka hata ikashindwa kuvuta. Tena daima iko silinda ambayo valvu yake imebaki wazi; humo hewa yenye unyevu huingia na kutu huanza, hasa pwani ambako hewa ina chumvi. Kwa hiyo injini iliyolala si mpya wala si mbovu. Ni injini iliyokauka, na yapasa kulowanishwa kabla ya kuendeshwa.

Kwanza: kutazama na kusafisha

Usiizungushe injini kabla ya kuitazama. Ondoa vitambaa vyote vilivyozibia matundu, ukavihesabu. Chungulia katika bomba la ekzosi na njia ya hewa, kwa maana nyigu hupenda kujenga kwa udongo humo, na panya hutia majani. Mwaga oili iliyomo katika chombo safi. Ikiwa ina matone ya maji au rangi ya maziwa, simama hapo utafute sababu. Ikiwa safi, tia oili mpya, yapata lita 6, na filta mpya.

Kisha toa plagi zote nne, ukamimine kijiko kimoja cha oili katika kila silinda. Uiache usiku kucha ili oili ipenye kwenye ringi.

Pili: kuzungusha kwa mkono

Asubuhi yake, plagi zikiwa bado nje, weka gia huru, ukaze breki ya mkono, kisha uzungushe injini polepole kwa hendeli mara mbili kamili. Plagi zisirudishwe kabla ya hapo, kwa kuwa oili iliyojaa juu ya pistoni haibanwi kama hewa, nayo yaweza kupinda fimbo ya pistoni.

Injini iliyotengenezwa upya huwa nzito kuliko iliyochakaa, hilo lisikutishe. Lakini uzito wake uwe wa namna moja mzunguko mzima. Ukifika mahali pakawa pagumu ghafula, usitumie nguvu. Pengine ni valvu iliyoshikwa na kutu, au ringi iliyoganda. Nguvu ya mkono wako huvunja kitu kidogo. Nguvu ya stata huvunja kikubwa.

Tatu: kupandisha oili

Hii ndiyo kazi iliyo kubwa kupita zote. Magari mengi ya namna hii yana taa tu ya kuonya juu ya oili. Basi funga geji kwa muda, ili uone nguvu ya oili kwa macho. Fungua kifuniko cha juu, upime nafasi za valvu, ambazo katika injini hii ni inchi 0.010 zote, ukamwagie oili vyuma vyote vya huko juu.

Sasa, plagi zikiwa nje na waya wa koili ukiwa umefunguliwa, tumia stata kwa sekunde 10, kisha pumzika dakika moja ili isipate moto. Rudia mpaka sindano ya geji ipande na oili ionekane ikitoka juu kwenye valvu. Ikiwa umerudia mara tano au sita bila kuona kitu, usiendelee. Pampu imekauka. Fungua swichi ya oili ubavuni mwa injini, usukume oili safi katika tundu hilo kwa pampu ndogo ya mkono, mpaka njia zote zijae. Ndipo ujaribu tena. Asiyeiona oili ikipanda asiwashe injini, hata kama rafiki zake wote wamesimama wakingoja.

Nne: maji, petroli na cheche

Jaza rejeta maji safi, uyaache saa kadhaa, kisha utazame chini na kwenye kijiti cha oili kama kuna mvujo. Petroli ya zamani ndani ya tangi imekwisha kuharibika na kuacha utomvu. Imwagwe yote, na kabureta isafishwe. Mipira ya petroli iliyokauka ibadilishwe. Platini za distributa huota ukungu zikikaa, zisafishwe. Waya za plagi zifuate mpango wa kuwaka wa injini hii: 1, 3, 4, 2.

Tano: kuwasha

Gari liwe nje, si ndani ya banda, kwa kuwa moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Mtu mmoja awashe, na mwingine aitazame geji, wala asitazame kitu kingine. Ukiwasha kwa hendeli, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisizungushwe, maana injini ikirudisha teke huvunja mkono.

Injini ikiwaka na sindano isipande katika sekunde 10, zima mara moja. Ikipanda, usiiache ingurume polepole sana; ipe mizunguko kama 1,500 kwa dakika, ukitazama joto na mvujo. Moshi wa mwanzo ni wa ile oili uliyomimina, nao utakwisha. Injini hii ya Land Rover ina magurudumu madogo kwenye tapeti zake. Lakini zile zenye tapeti bapa na kamshafti mpya hutaka mizunguko 2,000 kwa dakika 20 bila kupumzishwa, la sivyo kamshafti hulika siku ile ile.

Ikikwisha kupata joto, izime ipoe kabisa. Kaza tena boliti za kichwa kwa kipimo chake, upime valvu upya, na uongeze maji yaliyopungua. Kwa maili 500 za kwanza usivute mzigo mzito wala usikimbize, kisha badilisha oili na filta.

Kazi hii yote huchukua siku mbili, na gharama yake ni oili, filta na subira. Beringi mpya pamoja na kuchonga kranki ni gharama nyingine kabisa. Wazee walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Na mahali ambapo neno hilo lina ukweli zaidi ni pale mtu anaposhika ufunguo wa injini iliyolala.