Kamba wekundu wa Naivasha

Swali: Mjomba ameniahidi ndoo ya kamba wekundu wa Naivasha niwafuge kwenye kidimbwi kando ya shamba langu la mpunga. Kuna ubaya? (Msomaji, Chara, Garsen)

Jibu: Mwambie mjomba awachemshe awale huko huko. Asili yao ni kusini mwa Marekani. Walitiwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 ili wavuvi wapate kipato. Kufikia miaka ya 1980 mayungiyungi yalikuwa yametoweka, na wao walichangia pakubwa.

Kwako hatari ni kwa tuta la shamba. Kamba huyu huchimba mashimo ukingoni ajifiche maji yakipungua. Tuta likitobolewa, maji yatapotea usiku na utamlaumu panya wa watu. Jike hubeba mamia ya mayai chini ya mkia, na ardhi ikilowa hutembea nchi kavu. Kidimbwi si zizi. Mto Tana nao ukifurika, kidimbwi na mto ni maji mamoja.

Kamba wetu wa mtoni ana mwili laini unaopenyeza mwanga na magando membamba. Mgeni ana gamba gumu na magando manene yenye vipele. Ukimnasa kwenye mtego, usimrudishe majini.