MGUU UNAOUMA UKITEMBEA: TUWAHI KABLA YA KUKATWA



Huku Mbeya na Iringa tunapokea wazee walioletwa na vidole vya miguu vilivyogeuka vyeusi. Nyumbani ilidhaniwa ni uzee, ni baridi, au mgonjwa amekanyaga uchawi. Wakifika wamechelewa, mara nyingi linalobaki ni kukata mguu. Mwezi huu tujifunze ugonjwa huu ili tuwahi.

Ugonjwa wenyewe
Damu hufika mguuni kwa mishipa iitwayo ateri. Fikirini mfereji wa kumwagilia bustani bondeni. Tope likijaa, mboga za mwisho ndizo hunyauka kwanza. Vivyo hivyo mafuta yakiganda ndani ya ateri, vidole ndivyo huanza kufa. Walio hatarini zaidi ni wavuta tumbaku, wagonjwa wa kisukari, wenye shinikizo la damu, wenye lehemu nyingi na wazee.

Dalili
1. Kigimbi hubana ukipanda mlima, huacha ukipumzika.
2. Mguu mmoja huwa wa baridi kuliko mwenzake.
3. Maumivu huja usiku, hupungua ukining'iniza mguu.
4. Kidonda cha mguu hakiponi.

Mguu ukiwa wa baridi, mweupe na wenye ganzi kwa ghafla, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Uchunguzi na matibabu
Kwanza tunapapasa mapigo juu ya wayo, kisha tunalinganisha shinikizo la damu la mguuni na la mkononi. Wengi husaidiwa kwa kuacha tumbaku, kutumia dawa za daktari, na mazoezi: tembea mpaka mguu uume, pumzika, endelea tena.

Ikiwa ateri imeziba sana, inaweza kuzibuliwa bila upasuaji mkubwa. Mwaka 1964 huko Portland, Marekani, Dk. Charles Dotter alimtibu mama wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Alipitisha mirija ndani ya ateri, ikapanuka, na mama yule akaendelea kutembea kwa miguu yake mpaka alipofariki.

Siku hizi mrija mwembamba hubeba puto dogo la kupanua ateri. Kisha huweza kuachwa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachoizuia isijifunge. Kwa kawaida mrija huingilia kwenye kinena. Lakini tangu Dk. Lucien Campeau wa Montreal alipoeleza mwaka 1989 jinsi ya kuchunguza moyo kupitia kifundo cha mkono, njia hiyo imeenea, na sasa baadhi ya wagonjwa wa miguu hutibiwa hivyo. Mrija huingia pale tunapopima mapigo, hupanda mkono, hushuka tumboni hadi mguuni. Ateri ya hapo iko karibu na ngozi, hivyo ni rahisi kuikandamiza damu ikatike, na mgonjwa huweza kukaa na kutembea mapema. Hata hivyo safari ni ndefu, huhitaji vifaa virefu, na haimfai kila mtu. Daktari bingwa ndiye huchagua.

Tufanye nini?
Anzeni zahanati au kituo cha afya, muombe rufaa mapema kwenda hospitali ya mkoa au ya Kanda Mbeya. Huko wataamua kama mgonjwa apelekwe kwa mabingwa wa Dar es Salaam. Stenti haifufui kidole kilichokwisha kufa.

Na tujihadhari na moto! Mzee mmoja mwenye kisukari aliota jiko la mkaa mwezi wa Julai. Miguu yake ilikuwa na ganzi, hakusikia kuungua. Alitufikia baada ya wiki tatu, kidonda kikiwa kimefungwa majani. Vaeni soksi nene badala ya kuota moto. Kila jioni mjukuu amkague bibi na babu nyayo na katikati ya vidole.

Maswali kwa Jumuiya
1. Katika Jumuiya yetu, nani ana kidonda cha mguu kisichopona?
2. Nani atamsindikiza hospitali wiki hii?