Mtoto Katikati ya Jamaa
Somo: Luka 2:41-51

Krismasi inakaribia, na wengi wetu tutasafiri na watoto kwenda kwa wazee. Tusome kwanza safari ya Yusufu na Mariamu. Walipotoka Yerusalemu baada ya Pasaka walikwenda mwendo wa siku nzima, wakidhani Yesu yumo msafarani. Wakamtafuta kwa jamaa, hayupo. Baada ya siku tatu wakamkuta Hekaluni.

Yesu alikuwa na miaka 12. Wetu ana miaka 2. Yeye haendi Hekaluni; huenda kwenye sufuria inayotokota, kisimani, au kwenye chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa. Tena nyumba yenye watu ishirini ndiyo ya kuogopwa zaidi: bibi anadhani mtoto yuko kwa shangazi, na shangazi anadhani yuko kwa mama yake.

Basi tukabidhiane mtoto kwa maneno. "Wifi, nakuachia mtoto, naenda kuchota maji." Naye aitikie, "Haya, ninaye." Wazee wasidhani huu ni uzungu, hata mbuzi hatumwachi kwa jirani bila kumwambia. Wala asiachiwe dada yake wa miaka saba, kwa maana naye ni mtoto na anataka kucheza.

Asubuhi ya sikukuu mama naye anatamani Ushirika Mtakatifu. Penye ibada mbili, baba ahudhurie moja na kubaki na mtoto wakati wa nyingine. Mlezi amwambie nani kabaki, kabla hajatoka.